Ngisi Anaanguka Saa Tisa: shajara ya proksi ya maabara

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Naanza kuandika leo kwa sababu nimechoka kujibu swali moja mara kumi: kwa nini hakuna intaneti? Intaneti ya maabara imekufa tena. Ni siku ya nne ya masomo mfululizo, na kila mara ni saa tisa alasiri hivi, darasa la saa nane likiwa katikati.

Kwa atakayerithi kazi hii, hali iko hivi. Chuo kiko upande wa Mamboleo, Kisumu. Maabara ina kompyuta 42, na zote hutoka nje kupitia mashine moja ya kati, ndiyo proksi: kompyuta kuukuu ya mezani iliyowekwa chini ya meza ya mwalimu, juu ya matofali mawili, kwa sababu mvua ikikaza maji huingia kwa mlango wa nyuma. Ndani yake kuna programu mbili. Ya kwanza ni kichujio, e2guardian, kinachopokea maombi kwenye poti (mlango wa mtandao) 8080 na kuzuia uchafu. Kikiridhika hulipeleka ombi kwa Squid, poti 3128. Squid huhifadhi nakala za kurasa, huandika nani kaenda wapi, na hushika zamu ya saa: video hazifunguki maabara kabla ya saa kumi jioni. Kompyuta za ofisi za walimu hazina kizuizi hicho.

Squid ni ngisi kwa Kiingereza. Sisi wa ziwani tunajua mbuta, ngege na omena. Ngisi tumeletewa na intaneti, na huyu wetu ana tabia ya kufa mchana.

Nimeiwasha upya na kuwaambia watu ni stima. Wameniamini, maana mawingu yalikuwa yameshashuka kutoka Nandi na radi ilikuwa imeanza. Hata mimi nilijiamini kidogo.

Jumanne, 10 Septemba

Si stima. Printa iliyochomekwa kwenye soketi ile ile haikuzimika hata mara moja.

Nimefungua syslog, faili ambalo Linux na programu zake huandikia maradhi yao. Mstari huu unajirudia:

`squid-1 process 1873 exited due to signal 11 with status 0`

Nambari ya mchakato inabadilika, signal 11 haibadiliki. Hiyo ni Linux ikisema: programu hii imegusa kumbukumbu isiyo yake, nimeiua. Squid ina mzazi na mtoto. Mtoto ndiye anayefanya kazi, mzazi anamlinda, na mtoto akifa mzazi humwinua papo hapo. Ndiyo maana kwa sekunde chache watu huona kurasa zikikataa halafu zikirudi. Lakini mtoto akifa mara tano harakaharaka, mzazi hukata tamaa, anaandika `Exiting due to repeated, frequent failures`, na kuondoka pia. Hapo ndipo mtu hunipigia simu.

Kwa uzoefu wangu signal 11 kwenye mashine ya miaka kumi ni RAM mbovu. Nimeiacha ikipimwa usiku kucha.

Jumatano, 11 Septemba

RAM ni safi. Askari wa usiku ameniuliza kwa nini ile televisheni ya maabara ilikuwa ya buluu mpaka asubuhi.

Nimepuliza vumbi na kubadilisha feni. Saa tisa na dakika tatu, chini.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo nimekaa nayo. Kuanzia saa nane unusu niliiacha access.log, faili ambalo Squid huandikia nani kaenda wapi, itiririke kwenye skrini, nikitumaini kwamba ombi la mwisho kabla ya kuanguka ndilo lenye hatia. Saa tisa na dakika tano ikaanguka. Mstari wa mwisho: mtu anatafuta jinsi ya kupika pilau. Ikainuka, ikaanguka. Mstari wa mwisho: matokeo ya mpira. Mara ya tatu hakukuwa na mstari wowote mpya.

Nimepoteza karibu saa nzima nikimshuku mtu wa pilau, hata nimeifungua ile tovuti ya mapishi mara ishirini nikingoja proksi ife. Kisha nikakumbuka: Squid haliandiki ombi kwenye access.log linapofika, huliandika likishamalizika. Ombi lililoiua halikumalizika, basi halikuandikwa. Ni kama kumtafuta mwizi kwenye daftari la wageni huku aliyeshika kalamu ndiye aliyepigwa rungu.

Kwa hiyo logi hazitanisaidia. Kesho natega tcpdump, programu ya kunasa kila kinachopita mtandaoni, kwenye poti zote mbili, nione kila kinachoingia kabla Squid yenyewe haijakigusa.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimemnasa.

Cha kwanza kunishtua ni ukubwa. Mtego wa poti 3128 peke yake ulikuwa karibu megabaiti 350 kwa saa moja. Poti hiyo haikupaswa kuwa na mgeni hata mmoja kutoka maabara: wote wapitie 8080, kwa kichujio, na kichujio kinazungumza na Squid ndani kwa ndani. Mashine moja tu ilikuwa ikigonga 3128 moja kwa moja, mara mbili kila sekunde, kuanzia dakika chache baada ya saa nane.

Nikalifungua ombi la mwisho kabla ya kifo cha kwanza. Mistari ya juu ni ya kawaida. Halafu kinakuja kichwa kimoja cha ombi, `X-Forwarded-For`, na ndani yake 10.20.0.1, 10.20.0.2, 10.20.0.3, 10.20.0.4. Nikabonyeza kushuka. Nikabonyeza tena. Nikaegemeza kidole kwenye kitufe na kukiacha hapo, na anwani zikapita kama mabehewa ya mizigo usiyoyaona mwisho. Nimezihesabu kwa kompyuta: 7,312, ya mwisho ikiwa 10.20.28.200. Kichwa kimoja, karibu kilobaiti 95. Ombi lililotangulia lilikuwa na anwani 7,311. Lililotangulia hilo, 7,310.

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu kila kitu kiko hapa.

Ombi la mtandao likipita mikononi mwa proksi, proksi huongeza mwishoni mwa X-Forwarded-For anwani ya aliyemletea. Ni kama mzigo unaotumwa kwa matatu kutoka Busia: kila kondakta anayeupokea anaandika juu ya boksi nani kampa. Squid ukiiruhusu, kwa agizo liitwalo `follow_x_forwarded_for`, husoma orodha hiyo kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyenikabidhi namwamini? Ndiyo. Basi yeye alikabidhiwa na nani, na huyo namwamini? Inaendelea hivyo mpaka ikutane na asiyeaminika, au orodha iishe. Anayepatikana hapo ndiye anayehesabiwa kuwa mteja halisi, na sheria zote, pamoja na ya video, zinamwangukia yeye.

Sisi tunahitaji agizo hilo kwa sababu ya kichujio. Bila hilo, Squid huona maombi yote yakitoka kwa 127.0.0.1, yaani kichujio chenyewe, na ripoti inasema kompyuta moja ndiyo iliyotembelea dunia nzima.

Nimefungua squid.conf, faili la mipangilio ya Squid. Mstari wa 61: `follow_x_forwarded_for allow all`.

Allow all. Mwamini kila mtu. Hakuna maelezo juu yake wala chini yake, lakini mkono naujua, ni wangu. Ni wa mwaka 2022, tulipoweka kichujio. Naibu mkuu alitaka ripoti asubuhi yake, na ripoti ilikuwa 127.0.0.1 kuanzia juu hadi chini. Nilijaribu kuruhusu localhost tu, yaani mashine yenyewe, haikufanya kazi (nilikuwa nimeuweka mstari chini ya mwingine uliokuwa ukimaliza maneno kabla yake), nikaandika all juu zaidi kwenye faili, ikafanya kazi, nikaenda kula.

Sasa kuhusu kifo chenyewe. Msimbo wa Squid unaokagua orodha hiyo haumalizi anwani moja ndipo ushike nyingine. Ukiikubali moja, unajiita wenyewe upya kwa ajili ya inayofuata, na ule wa kwanza bado umesimama ukingoja jibu. Kila mwito huacha vyombo vyake kwenye rundo la kumbukumbu. Fikiria matanga: kila mgeni akila anaweka sahani juu ya sahani ya mwenzake, na hakuna anayeosha mpaka wa mwisho amalize. Wageni watano, hakuna neno. Wageni elfu saba, rundo linagusa dari. Kwa kawaida Linux huipa programu megabaiti 8 za rundo hilo, na zikiisha, signal 11.

Nimetafuta, na kumbe ugonjwa una jina kwenye orodha ya CVE, orodha ya kimataifa ya matundu ya programu: CVE-2023-50269, uliotangazwa Desemba 2023. Unagusa Squid 2.6 hadi 2.7.STABLE9, 3.1 hadi 5.9, na 6.0.1 hadi 6.5. Dawa imo kuanzia 6.6: orodha haifuatwi tena zaidi ya anwani 64. Toleo la 2.6 lilitoka mwaka 2006. Tundu hili lina umri wa baadhi ya wanafunzi wangu. Yetu ni 4.13, iliyokuja na Debian 11, aina ya Linux tunayotumia, katikati kabisa ya orodha.

Aliyelifichua ni mtafiti Joshua Rogers, aliyeikagua Squid mwaka 2021 na kutoka na matundu 55. Alipoyachapisha Oktoba 2023, 35 kati yake yalikuwa bado hayajazibwa. Kuna wanaowacheka waandishi wa Squid kwa hilo. Mimi siwezi. Ni kikundi kidogo cha watu wanaojitolea, na mimi nimekula matunda yao bure tangu nianze kazi bila kuwaandikia hata barua ya asante.

Jumamosi, 14 Septemba

Nyumbani, Kondele. Baa ya chini imeanza rumba saa saba mchana, kwa hiyo nimefanya jaribio nikiwa na pamba masikioni.

Nimeweka nakala ya squid.conf yetu pamoja na Squid 4.13 kwenye laptopu ya zamani isiyounganishwa na chochote, kisha nikaipa vichwa vya urefu tofauti. Anwani 500, inajibu. 5,000, inajibu ila unaona inavuta pumzi. 8,000, chini. Elfu ishirini, chini kabla sijainua kidole. Nikaufuta mstari wa 61, nikarudia na elfu ishirini: inapita kama hakuna kitu, kwa sababu haisomi orodha kabisa. Tangazo la udhaifu linasema hivyo hivyo. Asiyeweza kusasisha aondoe mistari yote ya follow_x_forwarded_for.

Nimegundua jambo la pili. Kwa kawaida Squid hukataa vichwa vya ombi vikizidi kilobaiti 64, na kile cha Ijumaa kilikuwa 95. Kwa nini kilikubaliwa? Mstari wa 88: `request_header_max_size 512 KB`. Huu nao naukumbuka. Kulikuwa na tovuti moja ya kujisajilia mitihani iliyokuwa ikirundika vidakuzi mpaka Squid inaikataa, na siku ya mwisho ya usajili wanafunzi walikuwa wamenizunguka kama nzige. Tovuti ile imeshabadilishwa. Mstari ulibaki.

Nisijidanganye, hata hivyo, kwamba kilobaiti 64 zingetulinda. Anwani ikiandikwa kwa ufupi zinaingia nyingi zaidi katika nafasi ile ile.

Jumatatu, 16 Septemba

Saa moja asubuhi, kabla ya wanafunzi. Nimefuta mstari wa 61 na wa 88, nikaendesha `squid -k parse` kuhakikisha sijaharibu kitu kingine, kisha `squid -k reconfigure`. Nimeifunga 3128 pia: badala ya kusikiliza kila upande, sasa ni `http_port 127.0.0.1:3128`. Anayetaka Squid apitie kwa kichujio.

Kwa nini ilikuwa wazi? Kwa sababu mwaka jana kichujio kiligoma katikati ya mtihani, nikawaelekeza wote 3128 kwa siku moja. Siku moja hiyo imekuwa na miezi kumi na minne.

Saa tisa imepita salama. Nimekaa nikiitazama saa ya ukutani kama mtu anayengoja basi.

Naibu mkuu amenishika kwenye korido. Alikuwa amesoma mahali kuhusu mashambulizi ya kunyima huduma na alitaka kujua kama ni yale ya mamilioni ya maombi, na kama tuite polisi. Nikamwambia yale ni mengine. Mwezi Agosti 2023 Google walipigwa na maombi milioni 398 kwa sekunde, kwa hila ya itifaki ya HTTP/2: mshambuliaji anafungua ombi na kulifuta papo hapo, anafungua lingine, na seva inabaki ikihangaika. Kwa hilo unahitaji jeshi la mashine. Na Squid yetu haizungumzi HTTP/2 na wateja wake hata ungetaka. Hili letu lilihitaji ombi moja refu na mlango ulioachwa wazi.

"Na mlango uliachwa na nani?"

"Mimi, Madam."

Akanitazama kidogo, kisha akauliza kuhusu ripoti ya kila kompyuta, ambayo tangu asubuhi imerudi kuwa 127.0.0.1 tupu. Nimemwomba mpaka mwisho wa wiki ijayo.

Jumanne, 17 Septemba

Mtego ulikuwa na anwani ya kompyuta namba 17, karatasi ya mahudhurio ilikuwa na jina, na jina lilikuwa la kijana wa kozi ya umeme, mpole, anayekaa nyuma na kurudisha kiti mahali pake.

Nilimwita kibandani badala ya ofisini. Tukaagiza chapati na madondo. Nilipomwekea kwenye meza karatasi yenye anwani nilizochapisha, mkono wake ulisimama na kipande cha chapati kikidondosha mchuzi.

"Mwalimu, sikutaka kuiharibu. Nilikuwa natafuta ya ofisi tu."

Hadithi yake imeingia kwenye ushahidi kama ufunguo. Namba 3128 inajulikana maabara nzima, imeandikwa kwa kalamu chini ya meza mbili. Ukiiweka badala ya 8080 unamruka kichujio. Lakini zamu ya video inashikwa na Squid yenyewe, kwa hiyo hata 3128 haikuwapa video kabla ya saa kumi. Yeye alisoma kwamba ukijiandika X-Forwarded-For unaweza kujifanya mtu mwingine, na alijua kwamba kompyuta za ofisi haziguswi na kizuizi. Anwani za ofisi hakuzijua. Basi akaandika programu ndogo ya Python ijaribu moja baada ya nyingine mpaka video ifunguke.

Alinionyesha msimbo kwenye simu. Mistari kumi na minne. Ndani ya kitanzi alikusudia kuweka anwani mpya mahali pa ile ya zamani, lakini alichoandika kilikuwa kinaongeza: anwani mpya inabandikwa mwishoni na za zamani zinabaki. Jaribio la kwanza lilikuwa na anwani moja, la elfu saba lilikuwa na elfu saba. Nusu sekunde kwa kila jaribio, ukianza saa nane darasa linapoingia, unafika kwenye anwani ya 7,312 saa tisa na ushee. Ndiyo saa iliyokuwa ikinitesa. Na programu haikuacha Squid ilipoanguka. Ikiinuka tu inakutana na orodha ndefu zaidi ya iliyoiua. Mara tano, na mzazi anaondoka.

Kilichomuuma ni kingine. Nilimweleza kwamba Squid husoma kutoka kulia na, kwa sababu ya allow all yangu, ilikuwa ikiamini kila anwani mpaka inafika ya kushoto kabisa. Ya kushoto kabisa ilikuwa daima 10.20.0.1, ile ya kwanza. Hiyo ni rauta, haina ruhusa ya video. Siku zote hizo alikuwa anajaribu anwani moja ileile.

"Kwa hivyo haingefunguka kamwe?"

"Kamwe."

Akaangalia sahani. "Alama moja ya jumlisha," akasema.

Ofisi imemfungia maabara wiki mbili. Mimi ningempa siku tatu, na nimesema hivyo kwa maandishi, kwa sababu mwanafunzi anayejaribu mlango wa ofisi ana makosa, lakini mwalimu aliyeacha ufunguo mlangoni kwa miaka miwili ana makosa zaidi. Hawakubadilisha. Zile namba chini ya meza nimezifuta kwa spiriti mwenyewe.

Ijumaa, 20 Septemba

Kusasisha. Mashine ilikuwa Debian 11, na laini za sasisho za usalama nilikuwa nimezizima kwa alama ya reli (#) enzi zile tulipokuwa tukitumia bando la modemu na kila megabaiti ilihesabiwa. Sasa tuna laini isiyo na kikomo tangu mwaka jana. Hakuna aliyerudi kuondoa ile reli.

Nimeanza saa kumi na moja jioni, kwanza kwa kunakili /etc yote, folda ya mipangilio, kwenye diski mbili. Kupanda Debian 12 kumechukua muda mrefu zaidi kuliko nilivyopanga, kwa sababu saa mbili usiku stima ilipotea kweli, safari hii ya kweli, katikati ya kufungasha. Ilirudi baada ya dakika arobaini. `dpkg --configure -a`, amri ya kumalizia kilichokatika, dua kidogo, ikaendelea. Mbu wa Mamboleo hawana mchezo. Saa nne usiku Squid ilikuwa juu, nikapanda boda nikaenda kulala.

Jumatatu, 23 Septemba

Leo nimejitisha mwenyewe. `squid -v` inasema 5.7. Rudi kwenye orodha ya Ijumaa ile: 3.1 hadi 5.9 zina ugonjwa. Kazi yote ya usiku, na bado tumo?

Hapana, ila imenichukua chai mbili kuhakikisha. Debian haipandishi toleo katikati ya maisha ya mfumo. Huchukua kiraka kutoka toleo jipya na kukishonea kwenye lile la zamani, kisha huongeza alama mwishoni mwa jina la kifurushi. Squid yenyewe inaendelea kujiita 5.7. Jina kamili linaonekana kwa `dpkg -l squid`, lenye deb12u na nambari, na `apt changelog squid` inaorodhesha viraka kwa nambari za CVE. 50269 imo. Atakayekuja kukagua na orodha ya matoleo mkononi atasema tuna tundu. Mwonyeshe changelog, usibishane.

Karatasi ni karatasi, kwa hiyo baada ya masomo nimeipiga kwa jaribio langu la Kondele. Kwa dakika tano niliirudisha allow all kwa makusudi pamoja na kilobaiti 512, mlango wa maabara ukiwa umefungwa, nikatuma anwani elfu ishirini. Ikajibu. Nikatuma mara hamsini. Nambari ya mchakato wa mtoto haikubadilika. Nikarudisha kila kitu.

Na sasa ripoti ya naibu mkuu. Mistari mipya ni hii, kwa mpangilio huu, na safari hii iko juu ya faili, si chini ya ule mwingine:

`follow_x_forwarded_for allow localhost`
`follow_x_forwarded_for deny all`

Squid inamwamini kichujio peke yake. Kichujio huongeza anwani ya kompyuta iliyokiita mwishoni mwa orodha, kwa hiyo Squid ikisoma kutoka kulia inakutana kwanza na 10.20.4.17, kwa mfano. Huyo haaminiki, inasimama hapo. Mwanafunzi ajiandikie kushoto kwake hata anwani za Ikulu, hakuna atakayezisoma. Nimejaribu kutoka namba 17 na namba 30, ripoti inaonyesha 17 na 30.

Jumatatu, 30 Septemba

Siku kumi za masomo, saa tisa imepita mara kumi, hakuna anguko. Naibu mkuu amepata ripoti yake na sasa analalamika kwamba ni ndefu.

Nimeamua kupitia squid.conf mstari kwa mstari na kuandika juu ya kila mmoja tarehe, sababu, na nani aliuomba. Iko mistari 112 isiyo tupu. Mia moja na mmoja nimeieleza. Kumi nimeifuta kwa sababu inahusu vitu visivyokuwepo tena: mtandao wa jengo lililobomolewa, modemu, ile tovuti ya usajili.

Umebaki mmoja: `via off`. Mkono huu si wangu, umenitangulia. Via ni kichwa ambacho Squid hubandika kujitambulisha, na ndicho inachotumia kugundua ombi likizunguka na kurudi kwake yenyewe. Kukizima ni kuizima pua hiyo. Labda mtu alitaka kuficha kwamba tuna proksi. Labda kuna tovuti iliyokuwa ikikataa. Nimempigia simu aliyenitangulia, yuko Nakuru siku hizi, akacheka sana, akasema hakumbuki, akauliza kama ile mashine bado iko juu ya matofali.

Nimeufuta saa nne asubuhi. Saa tisa imepita. syslog haina neno, hakuna aliyepiga simu. Kesho naangalia tena.